Jina la mume si sharti la viza: mambo ya kujua kabla ya kubadilisha kitambulisho

Mkazi wa kaunti akifunga ndoa na raia wa Marekani au Uingereza, ushauri wa kwanza anaopewa na jamaa na majirani mara nyingi huwa huu: nenda haraka ukabadilishe kitambulisho, uchukue jina la mume, la sivyo ubalozi hautaamini kwamba mmeoana. Wengine huambiwa hivyo na mawakala wa usafiri, ambao hutoza ada kwa kazi hiyo.

Ushauri huo hauna msingi. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimu mwanamke kuchukua jina la mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na katika zote jina linabaki kuwa hiari ya mwenyewe. Ibara ya 45 ya Katiba inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Kwa upande wa Marekani, fomu za uhamiaji humtaka mwombaji aeleze majina yote aliyowahi kutumia. Hazimtaki awe na jina la mumewe.

Kinachopimwa ni ukweli wa ndoa yenyewe. Afisa wa ubalozi hutazama jinsi wawili hao walivyofahamiana, safari za kutembeleana, mawasiliano yao, fedha walizotumiana, watoto kama wapo, na kama kila mmoja anamjua mwenzake na jamaa zake. Wanawake Waislamu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki hubaki na majina ya baba zao maisha yao yote, na jambo hilo si kasoro kwenye ombi la viza. Kubadilisha jina peke yake hakuthibitishi chochote, kwani hata aliyefunga ndoa ya uongo anaweza kulibadilisha.

Hata hivyo, wapo wanaolitaka jina jipya kwa hiari yao, na hiyo ni haki yao. Kwao swali kubwa ni lini, kwa sababu jina likibadilishwa katikati ya safari ya ombi, karatasi huanza kupingana.

Ombi la mke au mume wa raia wa Marekani hupita mikononi mwa ofisi kadhaa. Raia huyo ndiye anayeanza, kwa kujaza fomu ya I-130 na kuipeleka kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS. Ikikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Kitaifa cha Viza. Hapo mwombaji aliye Kenya hujaza fomu ya DS-260 kwenye mtandao na kuwasilisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai na nakala ya pasipoti. Mwisho ni uchunguzi wa afya na mahojiano katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Safari hii inaweza kuchukua mwaka au zaidi, na katika kila kituo jina husomwa upya na mtu mwingine.

Karatasi inayotawala mwishoni ni pasipoti, kwa kuwa viza huandikwa kwa jina lililo ndani yake. Hapa ndipo Wakenya wengi hukosea hata kabla ya kufikiria jina la mume. Wengi wetu tuna majina matatu na tumezoea kuyaandika kwa mpangilio wowote. Shuleni mtu alikuwa na mpangilio mmoja, benki ana mwingine, na kanisani ni mawili tu. Pasipoti haina uhuru huo. Ukurasa wenye picha umetenganisha jina la ukoo na majina mengine, na chini yake kuna mistari miwili ya herufi inayosomwa na mashine. Katika mstari wa juu, baada ya herufi KEN, jina la kwanza kuonekana ndilo la ukoo. Hufuatwa na alama mbili za mshale, kisha majina yaliyosalia. Fomu zijazwe kwa kufuata mstari huo, wala si kwa mazoea.

Tuchukue jina la mfano, Grace Nafula Wekesa. Kama pasipoti inaonyesha Wekesa kuwa jina la ukoo, basi kwenye fomu jina la ukoo ni Wekesa na majina mengine ni Grace Nafula. Akiolewa na mtu wa jina la ukoo Johnson, mumewe asiharakishe kujaza Grace Johnson kwenye I-130 kwa furaha ya harusi. Jina hilo halipo kwenye hati yoyote ya Kenya. Cheti cha ndoa kina majina waliyokuwa nayo wawili hao siku ya kufunga ndoa. Kinathibitisha kwamba wameoana, na kinaweza kutumiwa kuomba jina jipya, lakini chenyewe hakijambadilishia mtu jina kwenye rekodi yoyote.

Anayetaka kubadilisha jina kabla ya ombi kuanza ana kazi rahisi, mradi afuate mpangilio. Cheti cha ndoa ndicho cha kwanza. Ndoa ya kimila nayo ni lazima isajiliwe kwa Msajili wa Ndoa na cheti kitolewe. Barua ya chifu au picha za mahari hazitoshi. Kisha hufuata kitambulisho, kupitia ofisi ya usajili wa watu katika kaunti ndogo au kituo cha Huduma, akiwa na kitambulisho cha zamani na cheti halisi cha ndoa pamoja na nakala. Huenda pia akaombwa nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mume. Namba ya kitambulisho haibadiliki, na ndiyo itakayounganisha rekodi zake za zamani na mpya. Baada ya kitambulisho ni pasipoti, inayoombwa kupitia eCitizen. Pasipoti mpya itakuwa na namba mpya. Cheti cha maadili mema kifuate baada ya hapo, kwa kuwa hutolewa kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Anayeanza na cheti hicho kisha akabadilisha kitambulisho anaweza kulazimika kupigwa alama za vidole tena na kulipa mara ya pili.

Cheti cha kuzaliwa hakiguswi. Mtu huzaliwa na jina lake, na ndoa haibadilishi yaliyotokea siku hiyo. Vyeti vya mitihani pia hubaki vilivyo. Cheti cha ndoa ndicho daraja kati ya jina la kuzaliwa na jina jipya, kwa hiyo nakala zake zisipungue nyumbani.

Kubadilisha jina ombi likiwa tayari njiani ndiko kunakoleta taabu, ingawa hakuharibu ombi. Fomu ya I-130 iliyokubaliwa kwa jina la zamani inabaki halali, na hakuna haja ya kuanza upya. Hatari ipo kwingine. Mwombaji anaweza kuitwa kwa mahojiano ilhali pasipoti yake ya zamani imeshafutwa na mpya haijatoka, na bila pasipoti viza haiwezi kutolewa. Pia anaweza kuwa ameshatuma DS-260 kwa jina la Wekesa, kisha akafika ubalozini na pasipoti ya Johnson. Fomu hiyo ikishatumwa hufungwa, na mwombaji hawezi kuirekebisha mpaka ifunguliwe na Kituo cha Viza, au marekebisho yafanywe na ubalozi wakati wa mahojiano.

Aliyekwisha kubadilisha jina katikati anashauriwa kukitaarifu Kituo cha Viza mapema kwa kutumia namba ya faili yake, na kutuma nakala ya pasipoti mpya pamoja na cheti cha ndoa. Siku ya mahojiano abebe pasipoti zote mbili, cheti halisi cha ndoa, na cheti cha maadili mema kinacholingana na kitambulisho chake cha sasa. Sehemu ya majina mengine yaliyowahi kutumika ijazwe kikamilifu: jina la ukoo la kuzaliwa, jina la mume wa kwanza kama aliwahi kuolewa, na jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha shule. Wengine huliacha jina la ndoa ya kwanza kwa aibu. Ni kosa kubwa, kwa sababu rekodi ikijitokeza baadaye, kunyamaza kwake kunaweza kuchukuliwa kuwa udanganyifu, na udanganyifu huweza kumfungia mtu mlango wa Marekani moja kwa moja.

Ushahidi wa zamani nao usitupwe. Risiti za fedha alizotumiwa na mumewe, tiketi za ndege na barua zenye jina la zamani zina thamani ileile, kwa kuwa zinaonyesha uhusiano ulioanza kabla ya harusi. Mume naye akumbushwe: akituma fedha kwa jina jipya wakati kitambulisho bado ni cha zamani, mkewe atarudishwa dirishani.

Kwa wengi, njia yenye usumbufu mdogo ni kuliacha jina lilivyo mpaka baada ya kufika. Mtu husafiri kwa jina la pasipoti yake, na kadi ya ukaazi wa kudumu, ile inayoitwa kadi ya kijani, hutolewa kwa jina lililo kwenye viza. Baadaye anaweza kuomba kadi yenye jina jipya kwa fomu ya I-90 pamoja na hati ya kisheria ya jina hilo. Ikiwa ndoa haijafikisha miaka 2 siku anapoingia Marekani, atapewa kadi ya miaka 2 yenye masharti, na atalazimika kuomba masharti hayo yaondolewe kwa fomu ya I-751 ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Nafasi nyingine huja anapoomba uraia, kwani mahakama ya kule inaweza kubadilisha jina lake katika hatua hiyo. Kwa leseni za udereva na hati nyingine za huko, kila jimbo lina utaratibu wake. Pasipoti ya Kenya itabaki na jina la zamani mpaka abadilishiwe kupitia ubalozi wa Kenya.

Wachumba wanaosafiri kwa viza ya K-1 wako katika hali tofauti. Hao hufunga ndoa Marekani ndani ya siku 90 tangu kuingia, kwa hiyo hawana cheti cha ndoa cha Kenya na hawana sababu ya kugusa kitambulisho kabla ya safari. Wanaokwenda Uingereza kwa viza ya mwenzi nao hutambuliwa kwa jina la pasipoti yao, na anayetaka jina jipya akiwa kule huanza na pasipoti yake ya Kenya kupitia ubalozi wetu jijini London.

Watoto wanahitaji uangalifu wa pekee. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la mama kama lilivyokuwa siku ya usajili. Mama akiwa sasa ni Johnson na cheti kinasema Wekesa, afisa atataka kuona daraja kati ya majina hayo mawili, nalo ni kile kile cheti cha ndoa. Kujaribu kupata cheti kipya cha mtoto ili jina la mama lifanane, au kumwandika baba wa kambo kuwa baba mzazi, ni kughushi, na kunaweza kuwazuia mama na mtoto kusafiri.

Tofauti ndogo za herufi, kama Nafula na Nafulla, au mpangilio uliogeuka, kwa kawaida huelezwa kwa hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Hati hiyo inaeleza tu, haibadilishi jina. Anayetaka jina lisilotokana na ndoa, mathalani mume anayetaka kuchukua la mke, huhitaji hati ya kubadilisha jina inayoandaliwa na wakili, ikasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Hati na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Vitambulisho, pasipoti na ndoa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali hiyo masuala ya uhamiaji na uraia, kwa hiyo hakuna ofisi ya kaunti wala ya wadi inayoweza kuharakisha pasipoti, na yeyote anayedai kuwa na mtu wake ndani anatafuta fedha tu. Ada halali huonekana kwenye eCitizen na hulipwa huko. Wenye kesi ngumu, kama talaka ambayo haijakamilika au viza iliyowahi kukataliwa, wamwone wakili mwenye leseni kabla ya kujaza chochote.

Na viza ikishatoka, tiketi ya ndege ikatwe kwa jina lile lile lililo kwenye pasipoti yenye viza hiyo, hata kama mume, marafiki na kanisa zima wameshaanza kumwita Bibi Johnson.