Je, Wajua Edamame ni Soya Ileile ya Uji?

Soya tunayoijua wengi wetu ni punje kavu inayokaangwa na kusagwa kuwa unga wa uji wa lishe. Huko Japani soya hiyohiyo huliwa pia kabla haijakauka. Maganda huchumwa yakiwa ya kijani na yamejaa, huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha mlaji hubinya ganda na punje zikamrukia mdomoni. Ganda hutupwa. Hiyo ndiyo edamame, na si chakula cha jana: Nichiren, mtawa wa Kibudha, aliitaja katika barua yake ya mwaka 1275 akimshukuru mtu aliyempelekea.

Mmea ni mmoja, Glycine max. Tofauti imeletwa na wakulima, ambao kwa vizazi vingi walitunza mbegu zenye punje kubwa, laini na tamu. Mjini Tsuruoka, mkoani Yamagata, ipo aina iitwayo dadachamame ambayo hunukia ikichemshwa. Harufu hiyo hutokana na kemikali ileile inayonukisha mchele wa basmati na pishori. Ajabu ni kwamba mpunga na soya, mimea isiyo na undugu wa karibu, imepata harufu hiyo kwa kuharibika kwa jeni inayofanya kazi ileile.

Lakini siri kubwa ya soya imo katika namna inavyopima usiku. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walipanda soya aina ya Biloxi kwa awamu, kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi. Ungetazamia iliyotangulia kupandwa itangulie kuchanua. Haikuwa hivyo, iliyopandwa mapema na iliyochelewa zilichanua karibu wakati mmoja, Septemba. Majani yalikuwa yakisubiri usiku urefuke.

Mkulima wa bustani wa Afrika Mashariki alizingatie hili kabla ya kununua mbegu. Aina nyingi za edamame zimezoea nchi ambako mchana wa kiangazi hufika saa 14 au zaidi. Kwetu karibu na ikweta usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo aina zinazotegemea sana urefu wa usiku huchanua zingali fupi mno, na mche mfupi hubeba maganda machache. Tafuta aina zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za joto. Soya ya kawaida ya kwetu nayo huliwa ikiwa kijani, ingawa punje zake mara nyingi ni ndogo na utamu wake hafifu.

Kupanda si kazi ngumu. Fukia mbegu sentimita 3 hivi kwenye udongo wenye unyevu usiotuamisha maji, ukiacha sentimita 10 kati ya mche na mche na 45 kati ya mistari. Usirundike mbolea ya naitrojeni, kwa sababu soya ina mafundi wake: bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi na kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Wakati wa maua chimbua mche mmoja taratibu, suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Wekundu huo ni wa protini iliyo ndugu wa himoglobini ya damu, nayo hudhibiti oksijeni isiwaharibie bakteria kazi. Kikiwa cheupe, bado hakifanyi kazi. Udongo ambao haujawahi kupandwa soya huenda ukakosa bakteria wanaofaa, ndiyo maana mbegu huchanganywa na bakteria hao kabla ya kupandwa. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilipita njia nyingine: ilizalisha soya za TGx, zinazoelewana na bakteria waliomo tayari katika udongo wa Afrika.

Kisha huja siku za kuvuna, nazo ni chache. Ganda liwe kijani kibichi, na ukilipapasa usikie punje zimevimba hadi karibu kugusana. Likianza kugeuka manjano umechelewa. Utamu umepungua na punje inakuwa ngumu. Hata baada ya kuchuma, sukari huendelea kupungua saa baada ya saa, na hapa mwenye bustani humshinda mnunuzi wa sokoni. Bandika maji kwanza, ndipo uende kuchuma. Yasugue maganda kwa chumvi ili vinyweleo vitoke, yachemshe dakika 5 hivi, uonje. Usile punje mbichi, maana zina vizuizi vya usagaji wa protini ambavyo moto huvipunguza.

Usichume zote. Acha miche michache bora ikauke shambani. Ua la soya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu utakazopata zitafanana na mama yao. Ziweke pakavu na penye ubaridi, uzipande msimu unaofuata, kwa sababu mbegu ya soya hupoteza uwezo wa kuota upesi katika joto na unyevu.