Batri za droni: zisijazwe kupita kipimo, na tusiamini namba iliyoandikwa juu peke yake



Msimu uliopita tulikuwa katika Bonde la Ruzizi pamoja na koperative moja ya mpunga. Droni ilipaswa kupita juu ya mashamba na kupiga picha, ili komite ione ni mifereji gani haifikishi maji mpaka mwisho. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Batri zilikuwa tatu, za namna moja, zilizonunuliwa siku moja. Ya kwanza iliruka dakika 18. Ya pili, dakika 17. Ya tatu, kwenye dakika ya 11 droni ikaanza kulia, na kwenye dakika ya 12 ikashuka yenyewe katikati ya mpunga, ndani ya maji.

Tulipoitoa ile batri, ilikuwa imevimba kama andazi. Kijana anayezichunga akatuambia ukweli wote. Chaja yake ilikuwa imeharibika, akaazima nyingine ya nyuzi mbili tu, akaiacha batri ikijaa usiku mzima, juu ya magunia ya mpunga ndani ya depo. "Niliona taa iko inawaka, nikasema basi iko inakula moto," akasema.

Hatukumgombeza. Kosa lilikuwa letu pia: tulifundisha siku tatu namna ya kurusha droni, lakini mambo ya batri tuliyapitia haraka haraka. Kwa hiyo leo tuyaeleze vizuri. Usiku ule koperative ilipoteza batri moja, na droni ikahitaji matengenezo. Ingeweza kupoteza depo na mavuno ya watu wote.

Ndani ya batri mna nini

Batri ya droni ni ya lithiamu. Ndani yake mna seli kadhaa zilizofungwa mfululizo, mara nyingi tatu, nne au sita. Kila seli ya kawaida iko na volti 3,7 za katikati. Ikijaa inafika volti 4,2 na hapo lazima isimame. Ikishuka chini ya volti 3,0 inaharibika. Basi batri ya seli nne inaandikwa volti 14,8, na ikijaa inapima volti 16,8.

Namba nyingine ni mAh. Hiyo tuifananishe na ukubwa wa bidoni. Batri ya mAh 5000 inaweza kutoa ampere 5 kwa muda wa saa moja. Lakini ile namba ni ya batri mpya, iliyopimwa kwa utaratibu, bila baridi na bila kubeba mzigo mzito. Sisi shambani hatufanyi kazi namna hiyo.

Kujaza kupita kipimo kunafanya nini

Wengi wetu tumezoea batri za gari, zile za maji na asidi. Ukizidisha kuzijaza, maji yanachemka na kupungua, unaongeza maji, maisha yanaendelea. Batri ya lithiamu haisamehe namna hiyo.

Seli ikijaa, lithiamu haina tena nafasi ya kuingia. Ukiendelea kuisukuma, inaganda juu juu kama madini, na ule umajimaji wa ndani unaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi ndiyo inavimbisha batri. Kisha joto linapanda. Likipita kiasi, batri inajichoma yenyewe: joto linazaa joto lingine, na hata ukikata umeme haisimami. Moshi wake ni sumu.

Chaja nzuri inajikata yenyewe kwenye volti 4,2 kwa kila seli. Sasa ajali inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye njia hizi tatu.

Ya kwanza ni chaja isiyo yake. Chaja ya batri ya pikipiki au ya gari inapanda mpaka karibu volti 14,4. Ukiifunga kwenye batri ya seli tatu, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4,8, na kikomo ni 4,2. Huko ni kuita moto.

Ya pili ni kuchagua vibaya kwenye chaja. Kuna chaja ambazo unaziambia mwenyewe batri iko na seli ngapi, na ni ya aina gani. Kuna batri za lithiamu zilizotengenezwa kupanda mpaka volti 4,35 kwa seli. Ukichagua aina hiyo na batri yako ni ya kawaida, unaijaza kupita kipimo kila siku kidogo kidogo, bila kuona kitu.

Ya tatu ndiyo ile ya Ruzizi: chaja ya nyuzi mbili. Batri nyingi za droni ziko na nyuzi kubwa mbili, pamoja na kisoketi kidogo chenye nyuzi nyembamba nyingi. Hicho kisoketi kinaiwezesha chaja kupima kila seli peke yake na kuzisawazisha. (Batri zenye ganda gumu na taa nne zinafanya kazi hiyo ndani yake.) Chaja ya nyuzi mbili inaona jumla tu. Tuchukue mfano wa seli nne:

- seli ya 1: volti 4,40
- seli ya 2: volti 4,15
- seli ya 3: volti 4,15
- seli ya 4: volti 4,10

Jumla ni volti 16,8. Chaja inasema: kila kitu kiko sawa. Lakini seli ya kwanza imeshapita kipimo, iko inavimba, na ya nne haijashiba. Kesho yake pengo linaongezeka.

Kwa nini batri za namna moja hazina nguvu sawa

Wanne wakibeba mgonjwa juu ya machela kwenda hospitali, na mmoja akachoka, wote wanasimama, hata kama watatu wangali na nguvu. Batri iko vile vile: seli dhaifu ndiyo inaamua droni itashuka saa ngapi. Na seli hazidhoofiki kwa mwendo mmoja. Sababu zake ni hizi:

Umri na kazi. Kila kujaza na kumaliza kunapunguza kidogo ukubwa wa bidoni. Batri iliyofanya safari mia mbili si sawa na mpya, hata ukiitunza vizuri.

Kukaa imejaa, mahali pa joto. Hili linaua batri nyingi kimya kimya. Tunajaza batri zote Jumamosi, mvua inanyesha, kazi inaahirishwa, batri zinakaa wiki tatu zimejaa, chini ya bati, katika joto la bondeni. Zikija kutumika, zimezeeka.

Baridi. Wale wa nyanda za juu wanajua: asubuhi mapema batri inaonekana imejaa, lakini ikiruka inashuka haraka. Haijafa, baridi inaizuia kutoa nguvu. Ukiiweka ndani ya koti mpaka ipate joto la mwili, inafanya kazi vizuri zaidi. Tena juu kule hewa ni nyepesi, mapanga ya droni lazima yazunguke kwa kasi zaidi, na hiyo inakula batri.

Kumaliza mpaka mwisho. Kijana anasema "tuongeze dakika mbili tu, shamba linabaki kidogo." Zile dakika mbili ndizo zinashusha seli dhaifu chini ya volti 3,0.

Kwa hiyo kujaza kupita kipimo na tofauti ya nguvu ni ndugu wawili. Seli dhaifu inaachana na wenzake, basi chaja mbaya inazidisha baadhi ya seli, nazo zinadhoofika pia.

Namna ya kupima nguvu ya kweli

Hamhitaji maabara. Mnahitaji daftari na saa.

Kwanza, andikeni namba juu ya kila batri kwa rangi: 1, 2, 3. Batri ikiwa mpya, ijazeni, kisha siku isiyo na upepo simamisheni droni hewani mita 3 juu ya uwanja mtupu, bila kuipeleka popote, mpaka ifike asilimia 30. Andikeni dakika. Rudieni kila baada ya miezi mitatu, kwa namna ile ile na saa ile ile ya siku.

Kama batri ilianza na dakika 18 na leo inafika dakika 13, gaweni 13 kwa 18: imebaki na karibu asilimia 72 ya nguvu yake. Sisi tunashauri hivi: ikishuka chini ya asilimia 80, isitumike tena kwa safari za mbali. Ibaki ya mafunzo, karibu na uwanja. Ikianza kuvimba, iachwe kabisa, hata kama ingali na dakika nyingi.

Chaja nyingi zinaonyesha pia volti ya kila seli. Batri ikijaa na kupumzika, angalieni seli ya juu na ya chini. Tofauti ikiwa volti 0,1 au zaidi, na ikirudi tena hata baada ya kusawazishwa, hiyo batri iko inaaga.

Kanuni za kubandika ukutani

1. Chaja moja kwa aina moja ya batri. Ikiharibika, kazi inasimama mpaka ipatikane nyingine ya aina hiyo.
2. Batri ya mAh 5000 ijazwe kwa ampere 5, haipaswi kuzidi hapo isipokuwa mtengenezaji ameandika. Inachukua karibu saa moja.
3. Iliyotoka kuruka ingali na joto. Ipumzike kwanza mpaka ipoe. Isijazwe juani, wala ndani ya gari lililofungwa.
4. Mtu awepo muda wote. Hapana kujaza usiku watu wakilala.
5. Ijazwe juu ya sementi, mawe au sahani ya chuma. Siyo juu ya magunia, mbao au godoro. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu.
6. Kama mnatumia jenereta, iwasheni kwanza, ikitulia ndipo mfunge chaja. Kama ni pano za jua, msifunge pano moja kwa moja kwenye batri ya droni. Umeme wa pano uingie kwanza kwenye batri kubwa, kisha kwenye chaja.
7. Jazeni siku ya kazi au jioni ya kuamkia kazi. Kama hakuna kazi, batri ikae karibu nusu, yaani volti 3,8 kwa kila seli, mahali pakavu penye ubaridi.
8. Droni irudi ikiwa na asilimia 30.

Ikivimba au ikianza moshi

Batri iliyovimba isitobolewe, isifinywe, isijazwe tena "kuona kama itarudi." Iwekwe nje, ndani ya chungu au ndoo ya chuma yenye mchanga, mbali na nyumba na watoto, mpaka fundi wetu aichukue. Isitupwe chooni, mtoni wala kwenye moto wa takataka.

Ikitoa moshi wakati inajazwa, kateni umeme kama mnaweza kufika bila hatari, toeni watu wote, na msivute ule moshi. Mchanga unasaidia moto usiruke kwenda kwenye vitu vingine. Mtu asirudi ndani kuokoa droni. Droni inanunuliwa.

Tunaomba kila komite ichague watu wawili, siyo mmoja, wa kuchunga batri na daftari lake, na mmoja wao awe mama. Kule Ruzizi sasa daftari linakaa pamoja na lile la kupimia mpunga, na yule kijana ndiye anafundisha wenzake. Katika ziara yetu inayokuja, agronomu atauliza kuona daftari la batri kabla ya kuuliza habari za droni. Muwe nalo tayari.