Nyumba ya kwanza Misigiri: Lipa deni la kausha damu kwanza, ya muuzaji yafuate

Wengi wanaopata nyumba ya kwanza Misigiri, wilayani Iramba, hawainunui kwa mara moja. Mtu anapata kiwanja au boma ambalo halijaezekwa, anatoa hela ya kuanzia, kisha analipa kidogo kidogo mpaka amalize. Shida kubwa huja mwishoni. Akiba imebaki kidogo, muuzaji anataka chake, na alizeti bado iko shambani.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia mkopo wa haraka. Wakati mwingine mkopo huo ndio unaoila nyumba yenyewe.

Kwa nini benki si njia rahisi

Mikopo ya nyumba ipo Tanzania. Sheria maalumu ya mikopo hiyo ilipitishwa 2008, na kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu, ilianzishwa 2010. Lakini benki inataka nyumba yenye hati na mkopaji mwenye kipato kinachoonekana kila mwezi. Mkulima wa alizeti au vitunguu anayenunua boma kwenye ardhi ya kijiji mara nyingi hana vyote viwili.

Mwalimu au muuguzi ana mkopo wa mshahara. Hata hivyo, utaratibu wa utumishi unataka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Aliyeshakatwa kwa ajili ya pikipiki na ada huenda akakuta nafasi ya nyumba imekwisha.

Hesabu inavyokuwa

Chukua mfano wa mnunuzi aliyekubaliana shilingi milioni 8. Ameshalipa milioni 5, na milioni 3 zinatakiwa mwisho wa Februari. Kwenye simu na benki ana 1,800,000. Pia anadaiwa 500,000 za kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi.

Wengi wangempa muuzaji akiba yote, halafu wakope 1,200,000 nyingine kulekule. Deni linakuwa 1,700,000, na riba 340,000 kila mwezi. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, alizeti inapokuwa imevunwa, riba peke yake imefika 1,360,000. Deni lenyewe halijapungua hata shilingi.

Kibaya zaidi, mwenye deni hawezi kusubiri bei. Anauza alizeti wakati wa mavuno, kila mtu anapouza na bei iko chini.

Njia nyingine ni hii: katika ile 1,800,000, alipe kwanza 500,000 za kausha damu. Atenge 300,000 za dharura, na 1,000,000 ampe muuzaji. Milioni 2 zilizobaki aombe zisogezwe hadi Julai, kwa maandishi. Muuzaji akidai nyongeza ya 200,000 kwa kusubiri, bado ni nafuu kuliko ile riba.

Muuzaji anaweza kukataa. Ndiyo maana mazungumzo hayo yanatakiwa kufanyika mapema, na tarehe ya malipo ya mwisho ipangwe baada ya mavuno tangu siku ya kwanza ya mkataba.

Kama lazima kukopa

Pa kuanzia ni kikundi. Kwenye VICOBA nyingi mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na riba hurudi kwa wanakikundi wakati wa kugawana. Ila hisa hizo ndizo dhamana, kwa hiyo asizihesabu kama akiba ya kuchukua wakati wowote.

Kwa wakopeshaji binafsi, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wawe na leseni ya Benki Kuu. Kikomo kilichowekwa na Benki Kuu ni riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 1,000,000, hiyo ni 35,000 mwezi wa kwanza. Anayedai 200,000 yuko mbali sana na kikomo hicho, na mkopaji ana haki ya kumwomba aonyeshe leseni.

Kuna jambo moja la kukwepa kabisa: kuweka karatasi za mauziano ya nyumba hiyohiyo kama dhamana kwa mkopeshaji wa mtaani. Mwezi mmoja ukiteleza, nyumba inakwenda pamoja na milioni zilizoshalipwa.

Kabla ya shilingi ya mwisho

Malipo ya mwisho ndiyo nguvu pekee iliyobaki mkononi mwa mnunuzi. Yasitoke kabla ya haya kukamilika:

• Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji iwe imeridhia mauziano, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kama kiwanja kimepimwa, hati ikaguliwe ofisi ya ardhi ya wilaya, Kiomboi.

• Mwenzi wa muuzaji awe amesaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

• Majirani wawe wameonyesha mipaka na kusaini kama mashahidi.

• Malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache kumbukumbu. Kama ni taslimu, kila awamu isainiwe.

Akiba isiishe siku ya kukabidhiwa

Ukishapewa funguo, matumizi hayajaisha. Boma linahitaji bati, milango na choo, na mvua za Singida huanza kati ya Novemba na Desemba. Aliyemaliza deni Julai bado ana miezi minne ya kiangazi ya kuezeka. Aliyebaki na kausha damu atatumia miezi hiyohiyo kulipa riba, na mvua itamkuta bado anapanga kwa mtu.