Operesheni Leo, Keja Leo: Ganzi, Sindano ya Mgongo ama Usingizi, Gani Inakuachilia Haraka?

Si kila operesheni ni ya kulazwa wiki nzima. Kutoa uvimbe, kutahiriwa, hata ngiri: unaingia hosi asubuhi, jioni uko kwa keja. Lakini wasee wengi wa Kibera na Kawangware husahau kuuliza daki swali moja: nitadungwa dawa gani? Hiyo ndiyo inaamua utafika home ukiwa aje.

Ganzi. Unadungwa pale pale panapokatwa, akili iko macho. Hii ndiyo hukuachilia haraka. Utafiti wa Uswidi uliotoka 2003 kwa jarida la Lancet ulifuata wagonjwa 616 wa ngiri kwenye hospitali 10. Wa ganzi walitoka mapema, wakasikia uchungu kidogo mwanzoni, na kukojoa hakukuwasumbua kama wengine.

Sindano ya mgongo. Kutoka kiuno kushuka hausikii kitu kwa masaa kadhaa. Kichwa kiko sawa na kichefuchefu ni kidogo. Noma ni kwamba mkojo unaweza kukataa kutoka. Nesi akikuuliza kama umekojoa, usimdanganye ndio uachiliwe. Kama choo ya ploti hufungwa usiku, hiyo shida utaijua saa nane. Pia kichwa ikianza kuuma ukikaa na kutulia ukilala, rudi hosi. Usijitibu na Panadol za duka.

Usingizi kamili. Unazima kabisa. Dawa za siku hizi zinakuamsha haraka, lakini unaweza kutapika, kusikia kizunguzungu, na koo kuwasha juu ya ule mpira wa kupumulia. Kwa masaa 24 usiendeshe boda, usiguse mashine ya mjengo, usipige tei, na usiweke sahihi kwa makaratasi yoyote. Unajiona uko fiti, kumbe ubongo bado umelewa dawa. Kwa msee anayelipwa kwa siku hii ni ngumu, so panga hiyo off mapema.

Sasa gani ni bora? Inategemea unakatwa wapi na mwili wako. Mwambie daki kama una pumu, presha, ama unameza dawa yoyote, hata ya mitishamba.

Na usidanganye kuhusu chakula. Kawaida ni masaa 6 bila kula na 2 bila maji. Ukizimwa na tumbo imejaa, chakula inaweza kupanda iingie kwa mapafu, na hiyo inaua.

Dawa ya uchungu meza vile umeambiwa, usingoje ganzi iishe ndio uitafute. Usipande mat ya 46 pekee yako, kuja na mtu. Kama unaishi solo, omba jirani ama ndugu alale kwako usiku wa kwanza. Damu ikikataa kusimama, kupumua kukiwa kugumu ama mkojo ukigoma, usingoje kukuche: rudi hosi hiyo saa.