Bi Mwenda wa kwenye video na 'Bi Mwenda' wa Chita

Nyie wenzangu mliokulia kwenye banda umiza, hebu tuambiane ukweli. Ukiulizwa leo stelingi wa picha uliyoiona ukiwa darasa la sita alikuwa nani, utakuna kichwa. Lakini yule bibi aliyetokea nyuma ya nyumba usiku na kaniki yake, akasimama dirishani asiseme kitu, huyo humsahau. Mimi alinifanya nikojoe kwenye ndoo mpaka nafikisha miaka kumi na miwili, maana kwenda chooni usiku ilikuwa haiwezekani. Ndiyo, nimeandika. Anayetaka kucheka acheke.

Bibi mwenyewe ni Bi Mwenda. Kwenye makaratasi anaitwa Fatuma Makongoro, ila jina hilo ukilitaja mtaani watu watakuuliza ndiye nani. Sema Bi Mwenda, hata mtoto ataelewa. Na angalia jambo moja: huyu mama hakuwahi kuwa sura kubwa ya kwenye kava. Kwenye kava unamkuta kaka stelingi na dada mrembo, nywele za dukani, gari la kuazima. Mwenye kutisha amewekwa pembeni huko. Sasa ukiingia ndani ya picha, nani anaibeba?

Kina Bi Mwenda walitokea Kaole Sanaa Group. Wadogo zetu hamuijui raha hiyo. Tanzania Bara ilikaa miaka na miaka bila televisheni, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Mwaka 1994 ITV ikaja, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 90 michezo ya kuigiza ikawa imeteka mji. Siku ya Kaole, mwenye TV alikuwa anapata wageni asiowaalika, wengine wamejazana dirishani. Kundi lile lilikuwa chuo kamili. Ray, Kanumba, Johari, Dk. Cheni wote walipita mle, na wazee waliowafundisha kusimama mbele ya kamera walikuwemo: Mzee Kipara, Muhogo Mchungu, Bi Hindu, na Bi Mwenda mwenyewe.

Michezo ile haikuwa ya kukariri karatasi. Hadithi inapangwa, kila mtu anaambiwa anaingia wapi na anatokea wapi, halafu maneno unayatoa mwenyewe kichwani. Yaani mwenzako anakurushia neno, wewe unalirudisha kali zaidi, kamera inazunguka. Kijana mwenye sura nzuri anaweza akakwama hapo, akabaki anasema "kwa hiyo" mara tano. Mama wa Kiswahili aliyekulia kwenye ngoma, misiba na ugomvi wa bombani hakwami. Anajua mafumbo, anajua kusonya, anajua kumtazama mkwe wake kuanzia kidoleni mpaka kwenye kilemba bila kusema chochote, na mkwe akalia. Hayo hayafundishwi kwa siku mbili.

Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, ya marehemu George Tyson, na watu wakagundua kwamba picha ya Kibongo inauzika. Baada ya hapo ilikuwa mafuriko. Mikanda ya VHS ikawapisha VCD, VCD zikawapisha DVD, Steps wakawa wanasambaza mpaka huku kwetu. Kanumba na Ray wakafungua makampuni yao. Njia ya kuwa stelingi nayo ikafupika. Wema Sepetu alichukua taji la Miss Tanzania mwaka 2006, na haukupita muda tukamuona kwenye filamu akiwa mbele na Kanumba. Simlaumu, mrembo ni mrembo. Ila picha haitengenezwi na warembo watupu. Lazima awepo mama mkwe mwenye gubu, lazima awepo bibi wa kijijini mwenye siri, na kwa kuwa zama zile kila picha ya pili ilikuwa na uchawi ndani, lazima awepo mchawi. Bi Mwenda akapewa hizo kazi. Akazifanya vizuri mno, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kwake sijui, mimi nazungumzia kwetu.

KWETU CHITA

Chita ipo bonde la Kilombero. Ukitoka Ifakara unashika barabara ya Mlimba, Udzungwa imekaa mkono wa kulia kama ukuta, kushoto ni mpunga mpaka macho yachoke. Kuna kambi ya JKT, na reli ya TAZARA inapita. Banda letu la video lilikuwa la mabanzi na turubai, jenereta nje, kiingilio shilingi mia. Tulianza na picha za Kichina na za Kinaijeria zilizotafsiriwa na Lufufu, ambaye alikuwa anatia chumvi kuliko picha yenyewe. Za Kibongo zilipokuja hatukuhitaji tena mkalimani, na ndiyo maana zilituingia. Mchawi wa Kinaijeria alikuwa mchawi wa kwao huko. Huyu alikuwa anaongea kama mama zetu, anafunga khanga kama mama zetu, anakaa kwenye kigoda kama bibi yangu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaishi peke yake mwisho wa kijiji. Macho yake yalikuwa mekundu. Ukipika na kuni miaka sitini kwenye jiko lisilo na dirisha, na msimu wa mpunga ukashinda shambani tangu alfajiri unaamia ndege, macho yako yatakuwa na rangi gani? Lakini sisi tulikuwa tumetoka kwenye banda. Jioni moja anapita na kuni kichwani, mmoja wetu akapiga kelele, "Bi Mwenda huyoo!" Tukatimua mbio huku tunacheka.

Naandika "mmoja wetu" kwa sababu ya aibu. Alikuwa mimi.

Jina likashika. Yeye mwenyewe hakulielewa, alidhani ni utani wa watoto, akawa anatuitikia. "Marahaba mume wangu," ananiambia nikimwamkia, "na huyo Mwenda ndiye mke mwenza wangu?" Sasa fikiria mtu anakutania hivyo, na wewe unajua kitu ambacho yeye hakijui.

Masika ya mwaka ule mtoto wa jirani akashikwa na degedege. Kilombero ni bonde la mbu, na kule Ifakara wataalamu wameitafiti malaria kwa miongo mingi, kwa hiyo hakuna mtu mzima asiyejua degedege linatoka wapi. Anajua mchana. Usiku, mtoto anapokakamaa, anajua kingine. Mtoto akapelekwa zahanati, akatibiwa, akapona. Lakini wakati anahangaika watu walishaulizana aliyepita pale jioni ni nani, na mtu mmoja akajibu, "Si yule Bi Mwenda wenu." Halikuwa la watoto tena. Lilikuwa limehama kwenye utani likaingia kwenye vikao.

Msomaji wa mjini unaweza kusema nakuza mambo. Basi nikupe historia kidogo. Ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, kwenye kijiji cha Ihowanja, alikuwepo mganga mashuhuri, Bibi Kalembwana. Sifa yake ilikuwa kuwanyoa watu waliosemwa ni wachawi. Unapelekwa kwake, unanyolewa, unapewa dawa, unarudi kijijini ukiwa umekwisha nguvu, ndivyo walivyoamini. Watu walitoka mbali kupelekwa huko. Ndiyo maana kwetu neno "kunyolewa" haliwi neno la saluni tu. Na wapo watakaokwambia bora kunyolewa, kwa sababu kwingine, Usukumani hasa, vikongwe wenye macho mekundu kama ya bibi yangu waliuawa kwa mapanga. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, aliiweka Mwingereza, na inasema kumwita mwenzako mchawi ni kosa. Hebu nitajie mtu mmoja wa mtaani kwenu aliyefungwa kwa kosa hilo.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia watu wanasema bibi fulani kwenye filamu "ametisha kinoma", nafurahi kwa ajili ya msanii na roho inanidunda kwa ajili ya mabibi wengine.

SI HUKU TU

Isije ikaonekana ni ushamba wa watu wa bonde. Marekani, mwaka 1939, walitoa picha ya watoto, The Wizard of Oz, ambayo ndani yake kuna mchawi mwenye uso wa kijani. Aliyeucheza ni Margaret Hamilton. Mama wa watu aliwahi kuwa mwalimu wa chekechea! Kwenye kupiga picha hiyo moto ukamuunguza usoni na mkononi, akauguza wiki kadhaa. Malipo aliyopata kwa watoto ni kuogopwa maisha yake yote. Alichokifanya mwaka 1975 nakipenda. Alikwenda kwenye kipindi cha watoto cha Mister Rogers, akazungumza kama bibi wa kawaida, kisha akavaa vazi la mchawi kipande kimoja kimoja mbele ya kamera, watoto wanaona. Sketi hii, kofia hii. Amekwisha kuwa mchawi. Anavua, ni bibi tena.

Sisi televisheni zetu zimejaa mahojiano ya stelingi kaachana na nani. Mtu wa kumkalisha Bi Mwenda mbele ya watoto na kaniki yake mkononi angekosa nini?

Na si kwamba Tanzania hatujui kumcheza bibi kwa namna nyingine. Ipo Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, picha ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar. Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anacheza mwanamke aliyenyamaza miaka mingi hospitali ya wagonjwa wa akili, na Mwanajuma Ali Hassan anacheza bibi anayemjia. Bibi huyo ana kila kitu cha kutisha: mzee, anatokea ghafla, anaonwa na wachache. Lakini amekuja kuponya. Mwili ule ule wa mwanamke mzee, kazi tofauti. Bahati mbaya picha hiyo haikufika kwenye banda letu, sisi tulipata za majeneza.

BIBI ANAINGIA BANDANI

Baada ya lile la degedege mjomba akapandwa na hasira. Hakwenda kwa mwenyekiti, alikwenda kwa mwenye banda. Akalipia benchi zima, Jumapili mchana, akaagiza iwekwe picha ya Bi Mwenda. Kisha akamfuata mama yake. Bibi akaja na khanga mpya, akakaa mbele kabisa, na nyuma yake kijiji kikajaa kuja kumtazama anayetazama. Mimi nilijibana kwenye nguzo, natamani ardhi inimeze.

Picha ikaanza. Bi Mwenda alipotokea, banda zima likanyamaza. Bibi akainamisha kichwa, akatazama kwa makini kama anayechagua mbegu. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko cha kupiga mapaja.

"Huyu ndiye mimi?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

"Mama huyu mjanja," akasema kwa sauti, maana jenereta lilikuwa linanguruma. "Mtazameni anavyoinuka. Mzee haswa hainuki hivyo, magoti yangemsema. Anaigiza! Na nyie mnakimbia!" Watu wakaanza kucheka naye, wa kwanza walikuwa vijana wa JKT waliokaa pembeni, halafu wote. Mwenye mtoto wa degedege alikuwepo. Sikuona kama alicheka.

Ilipokwisha bibi akataka irudishwe pale Bi Mwenda anapogombana na mkwe wake. Ikarudishwa mara mbili. Mara ya pili alikuwa anajibu yeye kabla ya mkwe hajajibu, na majibu yake, wallahi, yalikuwa makali kuliko ya kwenye picha.

Njiani kurudi nilimbebea kigoda chake. Nikamwambia, "Bibi, lile jina nililianzisha mimi." Akatembea kidogo.

"Najua, mume wangu. Sauti yako naijua." Akatembea tena. "Na huyo mwenzangu, kwa kutisha watu vile, wanampa hela nzuri?"

Nikamwambia wanaopata hela nzuri ni wale wa kwenye kava. Akasonya, msonyo mrefu, Bi Mwenda mtupu.