Binti yetu muuguzi ajue na «kwa nini»



Kila mwezi wa tisa wengi wetu tunahesabu franka za shule. Kati ya mabinti tunaowalipia, wako wanaoingia ITM kutafuta diploma ya A2, na wengine wanaendelea ISTM kwa ajili ya A1. Tunashona blauzi nyeupe, tunanunua madaftari, na siku ya kwanza ya staji kartie nzima inajua kwamba nyumba hii ina muuguzi. Lakini kuna ulizo ambalo hatuliulizi mara nyingi: huko shuleni wanafundishwa nini, na linatuhusu nini sisi?

Watu wakisikia shule ya uuguzi wanawaza sindano, serumu na kufunga vidonda. Kazi hizo za mikono ni za lazima. Pamoja nazo kuna masomo mawili ambayo hayaonekani kwa macho. Somo la magonjwa linaeleza ugonjwa unaletwa na nini, unaingia mwilini kwa mlango gani, na unatoka kwa njia gani kumfikia mwingine. Somo la afya ya jamii linatazama kartie nzima: maji, vyoo, chanjo, chakula na hesabu ya wagonjwa. La kwanza linasaidia kujua kwa nini mtoto huyu anaugua. La pili linasaidia kujua kwa nini watoto wa avenyu hii wanaugua kwa wakati mmoja.

Kuna wazazi wanaoona hayo ni maneno ya kitabu tu. Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba ni uhai wa wamama wenyewe.

Yambuku, mwaka 1976

Wakati ule nchi iliitwa Zaire. Katika kijiji cha Yambuku, upande wa Bumba, kulikuwa hospitali ya misioni yenye vitanda 120 na wafanyakazi wa afya 17, wakiwemo masista kutoka Ubelgiji. Daktari hakuwepo. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa ajili ya wagonjwa wa nje, na hizo tano zilitumika siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Wamama wenye mimba waliokuja kupimwa walichomwa sindano hizo hizo.

Ndipo ukaingia ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, ule uliopewa baadaye jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki. Walioguswa zaidi ni wanawake wa miaka 15 hadi 29, kwa sababu wengi wao walienda pale kufuatilia mimba zao. Hospitali ilifungwa tarehe 30 Septemba, na baada ya hapo ugonjwa ukapungua.

Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Walitumikia watu kwa huruma, na vifaa vilikuwa haba. Lakini maji ya vuguvugu hayaui virusi, hata mkono unaoyatumia ukiwa na upendo namna gani. Ndiyo maana haitoshi mwanafunzi akariri maneno «sindano moja, mgonjwa mmoja». Inafaa aelewe kwamba damu kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, inaweza kubeba ugonjwa kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine. Siku vifaa vitakapokosekana, na sisi tunajua siku hizo zinakuja, aliyekariri atafuata mazoea. Aliyeelewa atajua ni kitu gani asikubali kukifanya hata akilazimishwa.

Sukari, chumvi na maji

Tuchukue kolera, ambayo sisi tunaokaa karibu na maziwa tunaijua vizuri. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Maji safi yalikosekana, na ardhi ya mawe ya volkano ilikuwa ngumu kuchimba vyoo. Makumi ya maelfu walikufa katika majuma machache, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Mwanafunzi aliyekariri atamwambia mama: «Mpe mtoto maji ya sukari na chumvi.» Mama atashangaa: «Mtoto anaharisha maji, nawe unamwongezea maji?» Kisha atadai serumu. Mwanafunzi aliyeelewa ataeleza hivi: «Mama, sumu ya kolera inafanya utumbo umwage maji na chumvi. Lakini kuna mlango mmoja unaobaki wazi. Sukari ikipita katika ukuta wa utumbo, inaingia pamoja na chumvi, na maji yanafuata. Ukiondoa sukari, chumvi inaingia kwa shida. Ukizidisha chumvi, unamdhuru mtoto.»

Ndiyo sababu ya kipimo: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilele, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti ya SRO ya kituo cha afya ni bora zaidi, ikipatikana. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kama macho yameingia ndani, au amelegea, au hawezi kunywa, apelekwe kituoni mara moja, na maji hayo apewe njiani kama anaweza kumeza. Hapo serumu ina kazi yake.

Daftari la kituo

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni hivyo. Kila juma kituo cha afya kinapeleka hesabu ya magonjwa ya mlipuko kwa ofisi kuu ya zoni ya afya. Wanafunzi wa staji wanajifunza kujaza hesabu hizo, na kuna wanaoona ni kazi ya kuchosha. Lakini watoto watatu wa avenyu moja wakija na kuhara katika siku mbili, muuguzi anayejua kusoma daftari lake hatatoa dawa tu. Atauliza: «Nyinyi wote mnachota maji wapi?» Pengine ulizo hilo litaokoa wengine kumi.

Tukumbuke tena Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ambamo watu 2,287 walipoteza maisha. Waliomgusa mgonjwa walifuatiliwa siku 21. Ambaye hakuelezwa aliona anafuatwa kama mwizi. Sababu ni kwamba ugonjwa huo unaweza kujificha mwilini hadi siku 21 kabla ya kujionyesha. Muuguzi aliyeweza kueleza jambo hilo kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani, alifunguliwa mlango.

Sisi wamama tufanye nini?

Masomo yanatolewa kwa Kifaransa, na wagonjwa wanalia kwa Kiswahili, Kinande, Mashi au Kilega. Basi jioni tumwambie binti: «Mweleze nyanya yako somo la leo.» Nyanya akielewa, binti ameelewa.

Katika mkutano wa wazazi tusiulize tu bei ya minervali na ya blauzi. Tuulize kama wanafunzi wanatazama wenyewe katika mikroskopu au wanaichora tu kutoka ubaoni. Tuulize kama shuleni kuna maji na sabuni ya kunawa mikono, na kama kwenye staji kuna mkubwa wa kuwaongoza.

Vikundi vyetu vya likirimba viwaalike wanafunzi wa staji, nusu saa tu kabla ya kuhesabu michango. Watafundisha kuhusu maji, chanjo au malaria, nasi tutawauliza mpaka wazoee kujibu watu.

Na tukifika kituoni, tusimlazimishe muuguzi kutuchoma sindano pale kidonge kinapotosha. Tumwulize mambo matatu: huu ni ugonjwa gani, umeletwa na nini, na nyumbani nifanye nini ili usirudi? Muuguzi aliyefundishwa vizuri atafurahi kuulizwa. Na mwanafunzi aliyesimama nyuma yake, pengine binti ya mmoja wetu, ataona kwamba wamama wa hapa wanataka kuelezwa, na atarudi kwenye madaftari yake akijua ni nani anayemsomea.