Daftari la Mzee wa Pumwani

Ni ada yetu kwamba kabla maiti hajaswaliwa, mrithi wake husimama mbele ya safu akatangaza kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Siku tuliyomzika mzee wetu wa Pumwani, afisa wa polisi mstaafu, mwanawe mkubwa aliongeza maneno ambayo sijapata kuyasikia katika maziko mengine. Alisema: "Na yeyote ambaye baba alimpiga, au alimtukana, au alimkamata pasi na haki, huyo naye anamdai. Na aje nyumbani." Watu walinyamaza. Safu ya nyuma, mtu mmoja wa makamo akainua mkono.

Familia imeniridhia nieleze habari zake, ila jina lake sitalitaja, kwa kuwa ndani yake mna siri za watu wengine.

Alikuwa mzaliwa wa Pumwani, nasi watu wa pwani tunapaswa kuujua mtaa huo. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakakutana humo Waislamu wa makabila mbalimbali, Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani, na kuingia mtaa wa Majengo hadi leo ni kama kuingia mji wetu wa pwani uliohamia bara. Kijana wa hapo kujiunga na polisi halikuwa jambo la kupigiwa vigelegele, maana askari huko hujulikana zaidi kwa misako. Yeye alikwenda Kiganjo kwa mafunzo, kisha akahamishwa huku na huko, Garissa, Marsabit, na mwisho Nairobi.

Mkewe alimfuata kila alipopelekwa. Kuna kituo walichokaa chumba kimoja na familia nyingine, pazia likiwa ndio ukuta. Bi mkubwa husimulia kwamba mumewe alipoingia na sauti ya kazini, yeye humwambia, "Afande, ngoja nje kwanza, uniitie baba watoto." Naye hutoka kweli, akavua kofia, akabisha hodi upya na kutoa salamu. Binti zake wanamkumbuka akiwasuka nywele (vibaya, wanasema), akishona vifungo na kuwapeleka chuoni kwa mkono. Bibi Aisha, Allah amridhie, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Waume wengi huisikia hadithi hii wakatabasamu, kana kwamba anasemwa jirani.

Alipostaafu alianza kuhudhuria darsa baina ya Magharibi na Isha. Usiku mmoja tulisoma hadithi ya mufilisi, yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala na saumu zake, lakini alimtukana huyu na kumpiga yule, basi mema yake yakagawiwa hao mpaka yakaisha. Watu walipotawanyika, alibaki. "Sheikh," aliniuliza, "mimi watu wangu nitawapata wapi?"

Nilimweleza kuwa haki ya Mungu hufutwa kwa toba, ama haki ya mja hubaki mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Alinunua daftari la shule. Wale aliowakamata kwa haki hakuwaandika, na hapo nadhani alielewa vyema kuliko wanaosema kuwa askari hutii amri tu. Aliandika waliopigwa bila sababu na waliolazwa korokoroni kwa hasira zake. Akaanza kuwatafuta, Gikomba, Shauri Moyo, Kaloleni, kwa miguu. Wako waliocheka, wako waliomkaribisha chai. Waliokwisha kufa aliwatolea sadaka na kuwaombea.

Mama mmoja muuza mboga alikataa. Mwanawe alilala ndani siku mbili, na kazi aliyokuwa ameipata ikapotea. "Sisamehe," alisema, naye Mzee akaitikia, "Haki yako." Alirudi Ijumaa mbili, kila mara akajibiwa hivyo hivyo. Bi mkubwa ndiye aliyemzuia: "Usimchoshe. Unataka moyo wako upoe, na wake unazidi kuchomeka." Nami sina fatwa iliyo bora kuliko hiyo.

Na yule aliyeinua mkono? Alikuja siku ya tatu. Alikuwa mchuuzi, na mkokoteni wake wa machungwa ulipinduliwa barabarani zamani. Kabla ya kutaja fedha aliuliza kama yumo daftarini. Vijana wakatazama kurasa zote. Hakuwamo. Waliona haya, wakakosa la kusema. Kutoka chumba cha ndani mama yao, aliye edani, akaleta neno: "Mwambieni ameandikwa leo." Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, basi wakamlipa thamani ya machungwa. Aliihesabu noti kwa noti, akaitia mfukoni, ndipo akasema amesamehe.

Eda ya miezi minne na siku kumi itakwisha mwezi ujao. Bi mkubwa amewakataza wanawe wasiende kwa yule mama wa mboga. Atakwenda mwenyewe, na hatamwomba radhi wala kumtajia marehemu. Amesema atanunua mboga.